Jiwe Lenye Viatu

Isonso, Mbeya
Jumapili, 27 Mei 1956

Kwako mume wangu Andendekisye, huko Iringa,

Salamu sitaandika nyingi, karatasi ni ndogo na hasira ni kubwa. Sisi wazima. Ng'ombe mwekundu kazaa. Basi.

Sasa nauliza. Mtu mwenye akili anapanda basi siku nzima na vumbi lake, anafika kwa bibi yake aliyemlea, anakula ugali mara moja, halafu anamchukua mke mwenye mimba anampeleka korongoni kupiga picha mawe? Mawe! Na mimi nimekaa mlangoni tangu asubuhi, kitambaa kipya kichwani, nangoja kupigwa picha. Ukanipita na yale magongo yako matatu ya kusimamishia kamera, eti, "Bibi, leo tajiri wangu anataka mandhari." Hayo mandhari yalikubeba mgongoni ulipokuwa na surua?

Nikawafuata na kibuyu changu, si kwa kupenda. Nilimwogopea Marta. Kijito cha Halambo nakijua, mawe yake yanateleza kama mgongo wa kambare. Njia inavuka maji, inarudi, inavuka tena, na wewe macho yako juu kwenye majabali, mke wako anashika mizizi ya miti. Kila tukivuka unasema, "Mbele kidogo, mwanga mzuri uko mbele." Jua ni lilelile, hata uani kwangu linafika.

Jambo la pili ndilo kubwa. Marta aliniuliza kwa adabu, "Bibi, baba mkwe yuko wapi? Nimekuja mara ya pili sijamwona." Wewe ukarukia, "Baba kaenda Chimala kununua mchele." Nikafungua mdomo, ukanikanyaga mguu. Mimi! Nikanyagwe mguu nyumbani kwangu! Nilinyamaza kwa ajili ya mgeni. Baba yako Gideoni hakwenda Chimala. Unajua hivyo, na unajua kwa nini hakuonekana. Mweleze mkeo mila yetu. Usipomweleza nitamweleza mwenyewe. Sikusoma sana, madarasa mawili ya misheni, lakini kalamu ninayo.

Nimeandika Kiswahili ili na yeye Mbena asome. Najua utaificha.

Tuma picha. Nataka kuona hayo mawe yamenizidi nini.

Mimi bibi yako,
Tupokigwe


Iringa
10 Juni 1956

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana kwa maneno yale sikuthubutu kukaa.

Picha hiyo hapo ndani. Tafadhali usiishike na mikono ya mafuta. Bibi, hujui nilivyoitafuta. Jua huingia korongoni kwa muda mfupi, likiwa utosini. Likisogea tu, ukuta wa kushoto unarudi gizani. Ulipokuwa unanigombeza ndipo lilipokuwa linashuka juu ya yale maporomoko madogo, nami nikaharakisha. Kwa kuwa mle ndani kuna giza, nililiacha jicho la kamera wazi kwa muda, nikahesabu polepole, nikalifunga. Kwa hiyo kinachotembea chote hufutika, kinachotulia ndicho hubaki. Ndiyo sababu maji yanaonekana kama maziwa yanayomwagwa. Na ndiyo sababu wewe huonekani humo, ingawa ulikatiza mbele yangu na kibuyu chako ukinitukana. Samahani sana.

Tajiri wangu, Bwana Bushiri, alipoiona alikwenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Watu wa hapa wamezoea picha za kukaa kitini, mikono magotini. Amesema hii ataikuza iwe kubwa kama meza, aitundike mbele ya duka lake la picha na jina langu chini yake. Jina langu, Bibi!

Kuhusu Baba, nakuomba usimwandikie Marta. Tunaishi hapa na watu wa kila namna, waungwana wa pwani, makarani, waalimu. Nikisema baba yangu na mke wangu hawaruhusiwi kuonana maisha yao yote, watasema nimetoka porini. Nitamweleza taratibu, mtoto akishazaliwa.

Ila siku hizi yeye mwenyewe kanyamaza. Kazi ya kuziba madoa meupe kwenye picha huwa anaifanya yeye kwa brashi ndogo, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Tangu aishike picha hii hasemi nami ila, "Chakula tayari." Sijui kimempata nini.

Mjukuu wako,
Andendekisye


Iringa
12 Juni 1956

Kwa Bibi Tupokigwe,

Shikamoo Bibi. Mimi ni Marta. Mume wangu hajui kama ninakuandikia.

Bibi, wewe ni mtu unayesema neno likiwa na mifupa yake, ndiyo maana nauliza kwako. Nilikuwa naziba madoa kwenye ile picha ya korongo. Upande wa kulia, chini ya jabali, kuna jiwe jeusi la mviringo. Nililipaka wino pembeni, nikaona kama lina mkunjo. Nikachukua kioo cha kukuzia. Mkunjo ule ni ukosi wa koti. Na chini ya jiwe kuna viatu, Bibi, vimefungwa kamba.

Juzi jioni nilimwita mume wangu aone. Akasema ni jiwe. Nikamwambia, mawe ya kwenu huvaa viatu? Jana nimemkuta ameishika filamu kwenye mwanga, ana wembe mkononi, anataka kumkwangua yule mtu atoke.

Ni baba mkwe, sivyo? Hakwenda Chimala. Alinisikia nikija akajifunika koti kichwani, kama mtu anayepita penye mzoga. Na mwaka jana nilipokuja mara ya kwanza nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, nikaona kisogo cha mtu kinaingia migombani. Nilidhani ni mwizi. Kumbe ni yeye.

Kama ni Ubena wangu, niambieni. Kama hanitaki, mtoto huyu atamwitaje babu? Mama yangu yuko Igowole, ameniandikia nikazalie kwake na nisione haraka ya kurudi. Nimeanza kukunja nguo. Ninangoja neno lako, lakini siwezi kungoja sana.

Wako mtiifu,
Marta


Isonso
24 Juni 1956

Kwako mke mwenzangu Marta,

Barua yako imechelewa misheni, mwenye kuigawa alikuwa mgonjwa. Kaa chini usome, na hizo nguo ziache.

Ndiyo, ni yeye. Hata mimi nilimwona siku ileile, nikampita na kibuyu kama simwoni. Sasa sikia, na usinikatize.

Kwetu sisi, mke wa mtoto haonani na baba wa mume. Hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, hawaitani jina. Mke akisikia baba mkwe anakuja anageuka, anajifunika. Baba naye hivyohivyo, anakohoa mbali ili mwanamke ajue. Hiyo ni heshima, mwanangu. Tena ndiyo kubwa kuliko zote tulizonazo. Mtu anayekuchukia hahangaiki kukukwepa. Anakaa mlangoni akutazame mpaka chakula kikukwame.

Mimi niliishi na baba mkwe wangu, ua mmoja, mpaka nikawa na meno mabovu. Sikumjua uso. Nilimjua kwa nyayo na kwa kikohozi. Nikiwa na mimba ya huyu Gideoni nilikuta kuni zimepasuliwa nyuma ya nyumba, siku zote, na hakuna aliyesema nimepasua mimi. Alipokufa ndipo nilipomwona. Nikakuta kumbe alikuwa mtu mzuri wa sura. Nililia kuliko watoto wake, wakanishangaa.

Sasa hilo koti. Siku ile Gideoni aliposikia mnakuja alioga, akavaa koti la Jumapili na viatu vya kanisani. Nikamwuliza, "Wewe, unakwenda kujificha au kufunga ndoa?" Akasema, "Mama, mke wa mwanangu anaingia nyumbani kwangu. Nivae matambara?" Akashuka korongoni ili wewe uwe huru uani, ukae unavyotaka. Nani alijua kichaa wetu atakuleta hukohuko? Aliposikia sauti yako hakuwa na pa kwenda, mbele jabali, nyuma maji. Akachuchumaa, maji visiginoni, akavuta koti kichwani, akatulia. Na magoti yake yale! Maji ya Halambo mwezi wa tano yanauma kama nyuki. Alirudi viatu vinamwaga maji, hakuuliza chakula, hakuuliza moto. Aliuliza, "Hakuteleza?"

Huyo ndiye aliyekuona mzoga.

Na wewe pia una makosa. Una mdomo, ulikuwa nyumbani kwangu, ulishindwa kunivuta pembeni ukaniuliza? Wasomi wote mko hivyo.

Mimi,
Tupokigwe


Isonso
24 Juni 1956

Andendekisye,

Weka wembe chini.

Ulisema kinachotulia ndicho hubaki. Baba yako alitulia. Wewe unataka kumwondoa kwa sababu ya makarani? Mbele yao utasema umezaliwa na nani, na maporomoko?

Jina lako litundikwe dukani na la aliyekuzaa likwanguliwe! Hukufundishwa hivyo kwangu.

Maji yale umeyaharibu. Maji siyo maziwa.

Bibi yako


Iringa
8 Julai 1956

Bibi,

Shikamoo. Marta ameondoka. Barua yako kwake ilifika siku ya pili baada ya yeye kupanda basi kwenda Igowole. Sikuifungua. Nimeituma kwa mama yake kwa mkono wa dereva ninayemfahamu.

Ile yangu nimeisoma. Bibi, nilikuwa nimekwisha kuanza. Nimekwangua viatu. Marta alinikuta, hakupiga kelele, akasema tu, "Leo baba yako, kesho ni mimi." Akafunga sanduku.

Bwana Bushiri aliniona nimekaa chumba cha giza bila kazi, akaniuliza. Nikamweleza yote, nikingoja anicheke. Akasema, "Andendekisye, mimi mama mkwe wangu tangu nimwoe binti yake hatujakalia mkeka mmoja. Akipita barabara hii, mimi naingia duka la jirani nanunua nisichokihitaji. Nani alikwambia haya ni kitu cha porini?" Akaichukua filamu mkononi mwangu, akaikuza picha yeye mwenyewe.

Picha imetundikwa. Wapita njia husimama wakatazama maji. Mimi kila nikiingia naona jiwe lisilo na miguu, na miguu hiyo niliikata mimi.

Sijui nimwandikie Marta nini. Nimeandika karatasi nikazichana. Mwombe Baba anisamehe.

Mjukuu wako


Igowole
22 Julai 1956

Kwa Bibi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, nimemsomea Mama yote. Nilipofika pale "Hakuteleza?" aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaanza kucheka mpaka akashika ubavu.

Kwetu, Bibi, mwanamume ndiye humkwepa mama wa mkewe. Sasa mume wangu alipokuja kuposa alimwendea Mama moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamtazama usoni, akasema, "Mama, nimefurahi kukuona." Mama hakulala. Tangu siku ile anasema nimeolewa kwa watu wasio na haya, ndiyo sababu alitaka nirudi. Leo amesema, "Kumbe haya wanayo, ila wameielekeza upande mwingine."

Lakini nisikufiche. Moyo wangu haujatulia. Hayo yote umeyasema wewe. Yeye hajasema. Nitajuaje moyo wa mtu ambaye sitazungumza naye kamwe? Siwezi kumpeleka mtoto mahali kwa kuambiwa tu kwamba kuna mtu ananipenda nyuma ya migomba. Nisamehe kwa kusema hivi.

Mama ananitazama ninavyoandika. Hajaniambia niende wala nikae.

Marta


Isonso
5 Agosti 1956

Kwako Marta,

Mimi sijawahi kuambiwa maneno yangu hayatoshi. Lakini mwanamke mwenye mimba asamehewe.

Nimemwita Gideoni. Yuko hapa nje, amekaa mgongo kwangu, anawatazama ng'ombe. Nimemwambia sema, naandika. Amenyamaza kwanza mpaka wino ulitaka kukauka.

Anasema: Mama, mwambie huyo mtoto wa watu nimesikia yuko salama, nimeshukuru.

Nimemwambia, hayo ni maneno ya mkutanoni, sema ya kwako.

Anasema: Wabena ni watu wa kazi, sina neno nao. Nimemwambia hilo siandiki. Amesema andika. Haya, nimeandika.

Anasema: Mwambie siku ile sikukimbia ili asinione. Wajibu wa kupisha ni wa wote wawili, na akisikia ninakuja, naye ingebidi ainame, aruke pembeni, aingie kichakani. Mtu mzito hawezi kuruka. Nikaona bora zamu yake niibebe mimi. Nilijificha ili yeye asipate kazi ya kujificha.

Hapo nimeweka kalamu chini. Marta, mimi nimemzaa, na hilo sikulijua. Nilidhani anafuata mila tu.

Nimemwuliza habari ya mtoto. Anasema: Mtoto hana mwiko. Huyo nitampakata. Nitamwambia maneno ya kumpelekea mama yake, naye ataniletea majibu, akijua kusema.

Nimemwuliza kama amemaliza. Anasema: Mwambie mwenye kile kisanduku cha picha kwamba sina kinyongo, ila siku nyingine apige honi.

Amecheka mwenyewe. Ameondoka na ng'ombe.

Basi amesema. Sasa fanya unavyotaka, sitakubembeleza, sijui kubembeleza.

Tupokigwe


Isonso
Jumapili, 2 Septemba 1956

Kwako Andendekisye,

Marta amefika Alhamisi. Mama yake amemsindikiza mpaka hapa, mwanamke mrefu, maneno machache, anapika kama mtu anayegombana na moto. Nimempenda. Yeye anaondoka Jumanne. Usiingize mguu hapa kabla ya hapo. Ukija, na ukimwona mahali pengine popote, jitupe shimoni. Mikono yako miwili iache mfukoni.

Nikueleze ya jana. Tulishuka Halambo kufua, mimi na mkeo. Tumefika pale kijito kinapobana, njia ni nyembamba kama mshipi, nikasikia mtu anakohoa mbele. Gideoni alikuwa anarudi na mianzi begani. Mimi nikatafuta pa kumsukuma Marta, hakuna, jabali huku, maji huku. Kabla sijafungua mdomo, Marta mwenyewe kaweka beseni chini, kageukia jabali, kavuta kanga usoni, katulia. Hakufundishwa na mtu. Gideoni naye kageukia maji, mianzi yake inagonga mawe. Wakasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, nami katikati kama kizingiti.

Gideoni akayaambia maji, "Mama, mwambie huyo mtoto wa watu kivuko cha chini kimemomonyoka, apite cha juu."

Nikageuka nikasema, "Marta, pita kivuko cha juu."

Marta akaliambia jabali, "Bibi, mwambie nimesikia. Na mwambie kikohozi hicho si kizuri, Mama amekuja na asali, nitampelekea kupitia kwako."

Nikageuka nikasema, "Gideoni, asali ipo."

"Mwambie ahsante."

"Anasema ahsante."

Maji yanapiga kelele, mimi napaza sauti na kifua hiki, nawapelekea maneno watu wawili waliokwisha kusikiana. Nilitaka kuwagombeza. Nikawatazama ile migongo yao, huyu kanga inatetemeka, huyu mianzi inatetemeka, nikaona kumbe wote wawili wanacheka, na kila mmoja anaficha. Nikakosa neno. Ni mara chache mimi kukosa neno, unanijua.

Gideoni akapita. Tukafua.

Kamera acha huko utakapokuja. Kama ni lazima, ilete, lakini utapiga nyuso za watu.

Marta anasema umtumie kwa basi ile sufuria kubwa yenye mfuniko, na taa, na nguo za mtoto zilizo chini ya kitanda. Nimemwuliza, sufuria ya nini, zangu hazipiki? Anasema anataka yake, maana amekuja kukaa.

Bibi yako,
Tupokigwe